Penye Ghala Lililojaa, Njaa Inatoka Wapi?



Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Leo ningependa tuutazame usemi huo kwa kuangalia Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya, Iringa na majirani zao. Huko ndiko taifa linakotegemea kupata mahindi, maharage na viazi, mchele wa Kyela na Usangu, na ndizi na maziwa ya Rungwe. Mvua zikikosekana katika mikoa ya kati, malori huelekea huko kutafuta chakula. Mtu angetazamia basi kwamba mtoto wa huko ndiye mwenye siha kuliko watoto wote nchini.

Sivyo ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa walikuwa karibu 57. Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa, na Rukwa, zilikuwa na karibu watoto 50 katika kila 100. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu kuliko umri wake. Huugua mara kwa mara, na darasani huachwa nyuma na wenzake. Hii ni njaa, ndugu wasikilizaji, hata kama mtoto huyo hulala ameshiba ugali.

Wa kwanza kuiona njaa hii aghalabu huwa watu wa dini. Pale Tosamaganga, nje ya mji wa Iringa, watawa Wateresina wamekuwa wakilea watoto yatima kwa miaka mingi. Kule Mgongo, mapadri wa Consolata walianzisha kituo cha Faraja kwa ajili ya watoto wa mitaani. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kilutheri ina kituo chake cha Huruma. Mbeya nako, Wamoravian na Walutheri waliofika mwaka 1891 waliacha shule na hospitali ambazo bado zinahudumia watu. Waislamu wa miji yote miwili hufuturisha wasio na kitu kila Ramadhani, na hutoa zakatul-fitri, kiasi cha kilo mbili na nusu hivi za chakula kwa kila mtu wa nyumba, ili maskini asiamke na njaa siku ya Idi.

Haya yote ni mema, na anayeyafanya astahili shukrani. Lakini baada ya shukrani hatuna budi kuuliza swali moja. Gunia la mchele linalopelekwa kituoni wakati wa Krismasi au Idi, likapigwa picha, likaliwa kwa wiki moja, limeondoa njaa ya nani? Kwa hakika limemlisha aliye kituoni. Aliyedumaa yuko nyumbani kwa mama yake, na hakuna aliyempelekea gunia wala aliyemuuliza hali.

Jibu la nini kifanyike lilikwisha kupatikana Iringa yenyewe. Mwaka 1983 ulianzishwa huko mpango wa lishe uliosimamiwa na serikali pamoja na mashirika ya UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito mbele ya wazazi na viongozi wa kijiji. Kisha halmashauri ya kijiji ilikaa ikajiuliza: mtoto huyu amepungua kwa nini? Katika miaka michache tu, utapiamlo mkali ulishuka kutoka takriban watoto 6 katika kila 100 hadi wapatao 2. Mwaka 1990 UNICEF iliufanya utaratibu huo wa kupima, kutafakari na kutenda kuwa mwongozo wake duniani kote. Dunia ilijifunza kutoka Iringa, na Iringa yenyewe leo inaongoza kwa udumavu.

Wanakijiji waligundua nini walipojiuliza? Waligundua kwamba mara nyingi chakula kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumlisha mtoto. Wakati wa kulima na kupalilia, mama huondoka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto wa mwaka mmoja huachiwa dada yake wa miaka saba, akala mara mbili kwa siku, tena uji mweupe usio na maharage, karanga wala maziwa. Maziwa na mayai yameuzwa. Mahindi nayo huuzwa mapema baada ya mavuno ili kulipa ada na madeni, na ifikapo Januari au Februari familia ile ile hununua debe kwa bei ya juu kuliko ile iliyouzia. Baba akiwa na tabia ya kupitia kilabu cha ulanzi kabla ya kufika nyumbani, hesabu huzidi kuharibika.

Ugonjwa wa namna hii hauponywi na gunia la siku moja. Huponywa na jirani anayejua kadi ya kliniki ya mtoto wa jirani yake inasema nini. Hapa ndipo jumuiya za waumini zinapokuwa na nguvu ambayo ofisi nyingi hazina. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo Kanisa Katoliki lilizipa mkazo tangu miaka ya 1970, hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Wanajua nani hakuonekana, na moshi wa jiko la nani haujafuka. Msikiti nao una jamaa zake wanaoonana kwa swala tano. Je, ni vigumu kwa watu hawa kukusanya debe moja la mahindi na kisado cha maharage kwa kila nyumba mwezi wa Julai, wakahifadhi vizuri yasiliwe na dumuzi, kisha wakayatoa Februari? Ni vigumu kwao kupanga kina mama wawili kwa zamu wawapikie watoto wote wa mtaa uji wa mchana wakati wa palizi? Shughuli hizo hazihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Tuje kwa wasio na makazi. Aprili 2024 tope la mlima Kawetele lilifukia nyumba za watu katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Nchi nzima iliona, na huruma ikaja haraka. Lakini yuko anayepoteza nyumba polepole, bila mlima kuporomoka. Yuko mjane aliyefukuzwa na shemeji zake mara baada ya matanga. Yuko bibi kizee ambaye paa lake limeoza, na analea wajukuu wanne ambao wazazi wao walichukuliwa na ukimwi, ugonjwa ulioipiga mikoa hii kuliko mingi mingine. Wako vijana wanaolala vibarazani Mwanjelwa katika baridi ya Juni na Julai, wengi wao wakiwa na shangazi au babu mahali fulani. Hao hawatangazwi.

Desturi yetu imekuwa kuwajengea makao. Makao yanahitajika, hasa kwa mtoto ambaye kweli hana mtu. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake au walezi wake, isipokuwa pale ambapo kukaa nao kutamdhuru. Mtoto mchanga akifiwa na mama wakati wa kujifungua, mara nyingi hupelekwa kituoni kwa sababu nyumbani hakuna maziwa. Bibi yake yupo, na mapenzi yapo. Kinachokosekana ni maziwa tu. Kumpatia bibi maziwa, na bati la kuezekea, ni rahisi kuliko kumjengea mtoto bweni, na mtoto atakua akijua ukoo wake.

Msaada ulio bora zaidi ni ule unaomwezesha mtu kujitegemea. Mwaka 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha karakana ya Neema Crafts mjini Iringa. Ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Baadaye watu wenye ulemavu zaidi ya 100 walipata kazi hapo. Watu waliohesabiwa kuwa ni wa kuombaomba wakawa ndio wanaolisha nyumba zao.

Nasema haya sasa kwa sababu wakati umebadilika. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Miradi mingi ya lishe, ya ukimwi na ya yatima ilikuwa imeegemea fedha hizo. Mwenye kuegemea ukuta wa jirani hana la kulalamika jirani akiubomoa. Lakini yatima hakuegemea kwa hiari yake, na hafai kuachwa aanguke nao.

Kwa hiyo, ewe padri, mchungaji, sheikh na mzee wa kanisa, wiki hii usianze na kuhesabu sadaka. Anza na kuhesabu nyumba. Katika eneo lako, ni watoto wangapi kadi zao zinaonyesha hawakui? Ni wajane wangapi wanalala pasipo paa? Andika orodha, mkae, mjiulize kwa nini, kisha mtende. Nasi tunaokaa mijini na kununua mahindi ya huko kila siku, tusijitoe katika hesabu hiyo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo unaotoa hauchoki kuuliza aliyepewa jana amelalaje leo.