Moshi wa Sigara Kazini: Nani Anauvuta Zaidi?

Leo tuzungumze juu ya moshi wa sigara. Sisemi habari za mvutaji mwenyewe. Nasema habari za mtu asiyevuta, ambaye moshi unamkuta kazini kwake.

Sigara ikiwaka, si moshi wote unaoingia kinywani mwa mvutaji. Mwingine unatoka kwenye ncha inayoungua, ukaenea chumbani. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na kadiri ya 70 kati ya hizo huleta kansa. Asiyevuta naye aweza kupata kansa ya mapafu na ugonjwa wa moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu zaidi ya 1,000,000 wasiovuta hufa kwa moshi wa wenzao.

Sasa, je, moshi huu tunagawana sawasawa? Hata kidogo! Mkubwa wa ofisi akichukizwa, anasema, "Bwana, kavutie nje." Mtu anatoka. Lakini binti anayehudumu baa amwambie nani? Anayevuta ni mteja, na mteja ndiye mshahara wake. Mteja atakaa saa moja au mbili, atakwenda zake. Binti yupo mpaka usiku wa manane, na kesho tena. Akiwa na mimba, moshi ule waweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Na mabinti hawa si wageni, jamani. Ni hawa hawa tunaowapandisha basi kwenda mjini.

Tanzania ilitunga sheria ya tumbaku mwaka 2003, Kenya mwaka 2007. Zilikataza kuvuta ndani ya mahali pa watu wengi, lakini ziliruhusu kutenga sehemu ya wavutaji. Utauliza, kama sehemu imetengwa, tatizo liko wapi? Tatizo ni sinia. Mvutaji ameingia humo kwa hiari yake. Anayempelekea bia na anayefagia vipisi wameingia kwa kuagizwa. Tena dirisha wazi hupunguza moshi tu, haliumalizi.

Huko California, Marekani, kuvuta ndani ya baa kulikatazwa tangu Januari 1998. Madaktari waliwapima wahudumu 53 wa baa za San Francisco, kabla na baada. Mwanzoni 39 walikuwa na shida kama kikohozi na kukoroma kifua. Hazikupita wiki nyingi, 23 kati ya hao walikuwa wamepona shida hizo. Dawa yenyewe ilikuwa nini? Hewa safi!

Haya, na kilabu chetu cha pombe? Mama muuzaji yumo bandani kutwa, mtoto mgongoni, wanaume wanavuta. Wengi wao ni watu wazuri tu, hawajafikiri. Kijiji chaweza kutunga sheria ndogo: jambo lifikishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Iseme kwamba anayevuta atoke nje, mbali na mlango. Tuwawekee wazee gogo la kukalia chini ya mti, wasione wamefukuzwa. Na siku ya mkutano, mwenyekiti awape akina mama wauzaji nafasi ya kusema kwanza, kabla wavutaji hawajanyosha mikono.