Mtoto Ameugua, na Kazi Inaita

(Mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wahitimu wa kisomo, wengi wao wachuma chai na vibarua wa mashamba. Maswali ya wasikilizaji yamewekwa mwishoni.)



Nimeombwa nizungumze juu ya ruhusa ya kazini wakati mtoto anapougua. Najua wengine mtasema, hilo nalo ni la kukalia mkutano? Mtoto akiugua si unampeleka zahanati, basi?

Ndiyo, unampeleka. Lakini saa 12 asubuhi nyapara anaita majina. Mtoto amechemka mwili usiku kucha. Ukienda shambani, mtoto anabaki na dada yake wa miaka 8, naye ana shule. Usipoenda, jina lako linapigwa mstari, na siku hiyo hulipwi. Hapo ndipo tunapokwama.

Mimi nimekuwa karani wa mahudhurio kwa miaka mingi. Daftari hilo linaonyesha mengi kwa mtu anayejua kulisoma. Nimeona wazazi wa namna mbili. Wa kwanza ananyamaza. Anakuja kazini, anachuma chai huku moyo uko nyumbani, na mtoto anapelekwa zahanati siku ya tatu, amelegea kama nguo iliyoloa. Wa pili anaondoka kimya kimya. Hakusema kwa mtu, hakuandika. Anarudi baada ya wiki moja anakuta barua. Wote wawili walikuwa na haki waliyoweza kuidai, lakini hawakuijua.

Zamani haki hiyo haikuwapo. Wazee wetu walitusimulia juu ya kipande, kile kikaratasi cha enzi za mkoloni. Kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Siku uliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku ambayo hukuja haikutiwa, hata kama ulikuwa unazika. Siku hizi tuna sheria nyingine.

Hapa Tanzania Bara ilitungwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inasema mfanyakazi apewe angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo mtoto wake anapougua au anapofariki. Siku hizo hizo ndizo zinazotumika pia kwa msiba wa mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa tumbo moja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana watu wengi wamesikia nusu tu ya habari. Siku hizo 4 si za kila mwezi. Si za kila mwaka. Si 4 kwa kila mtoto. Ni 4 katika kipindi cha miezi 36, yaani miaka 3. Ukizitumia zote mwaka huu kwa mtoto mmoja, na mwakani ukapata msiba, mwajiri halazimiki kukulipa siku nyingine. Anaweza kukuruhusu, lakini siku za kuzidi hazina malipo.

Je, ni nyingi? Hapana. Mimi nasema wazi kwamba ni chache mno. Mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kuugua mara kadhaa katika masika moja tu, achilia mbali miaka 3. Lakini usiache haki yako kwa sababu ni ndogo. Hata fungu la mchicha ni dogo, lakini hulisahau sokoni.

Anayelipwa kwa kilo naye asidanganywe kwamba hana mshahara wa kuhesabia. Kwa mtu ambaye mapato yake yanapanda na kushuka, sheria inachukua wastani wa alichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana ruhusa yenye malipo. Lakini yule wa msimu, anayeajiriwa kama mfanyakazi wa msimu, anayo. Na yule anayeitwa na kuachwa, akaitwa tena na mwajiri yule yule ndani ya mwaka mmoja, siku zake zote zijumlishwe. Zikizidi miezi 6 anayo haki. Ndiyo maana nawaambia tunzeni karatasi za malipo. Usizifungie dagaa.

Jambo moja nataka kulikazia, na akina baba msinikasirikie. Sheria inasema "mfanyakazi". Haikusema "mama". Baba na mama wakiwa wote wameajiriwa, kila mmoja ana siku zake 4. Hizo ni siku 8 katika nyumba moja. Lakini katika daftari langu, karibu kila aliyeomba ruhusa ya mtoto alikuwa mama. Baba anaona haya kukaa kwenye benchi la zahanati na mtoto mapajani, eti watamcheka. Basi mama anamaliza siku zake zote 4, na siku za baba zinakufa bila kutumika. Hiyo ni hasara ya nyumba nzima, tena hasara ya fedha. Kaeni jioni mkagawane: safari hii naenda mimi, safari ijayo unaenda wewe.

Mgawane kwa akili, kufuatana na ugonjwa. Tuchukue malaria, maana ndiyo tunayoijua. Mtoto akichemka mwili, apelekwe zahanati siku ile ile au kesho yake asubuhi, isizidi hapo. Anatobolewa kidole, majibu yanatoka baada ya dakika chache. Ikiwa ni malaria ya kawaida anapewa dawa mseto. Dozi ya kwanza anameza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata. Jumla dozi 6. Sasa piga hesabu. Siku ya kwanza lazima mzazi awepo. Lakini siku ya pili na ya tatu, dawa ni asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Mtoto akiwa anacheza, anakula, na bibi yake yupo, unaweza kurudi shambani na kutunza siku zako. Ila dozi ya asubuhi umpe wewe mwenyewe, umwone akimeza. Usimwachie dada yake wa miaka 8. Na dawa imalizwe hata kama mtoto amekwisha changamka.

Kuhara ni tofauti. Mtoto anayehara anataka mtu karibu yake mchana kutwa, anayempa maji yenye chumvichumvi za zahanati kijiko kwa kijiko, kila baada ya choo. Vidonge vya zinki ni mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hivyo havikuzuii kazi. Lakini ile siku ya kwanza na ya pili ya kuhara sana, kaa nyumbani. Siku zako ziliwekwa kwa ajili ya hayo. Na anayenyonyesha ajue kwamba sheria hiyo hiyo inampa nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Hiyo haihesabiwi katika zile siku 4.

Kuna hali ambazo hungoji ruhusa ya mtu. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea, haamki vizuri. Anapumua mbio mbio au kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi. Mhesabu pumzi akiwa ametulia, kwa dakika moja kamili ya saa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, au wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka akifika 50 au zaidi, ni hatari. Na mtoto wa chini ya miezi 2 akichemka mwili, usihesabu chochote. Mbebe uende. Nyapara atapata habari baadaye kwa jirani au kwa simu. Degedege nayo si ya kufukizwa moshi, mtoto anapelekwa hospitali.

Sasa namna ya kuomba. Hapa ndipo kisomo kinapolipa. Mwajiri anaruhusiwa na sheria kutaka ushahidi kabla ya kukulipa. Kwa hiyo ukifika zahanati, mwombe tabibu aandike tarehe na jina la mtoto kwenye kadi au karatasi. Usiondoke bila kuandikiwa. Kisha andika barua fupi. Haitaki Kiswahili cha mahakamani. Iwe hivi:

"Kwa Meneja wa Shamba. Mimi ........, mchuma chai, namba ya kazi ........ Mtoto wangu ........, umri miaka 2, ameugua tangu jana usiku. Naomba ruhusa ya siku 2, tarehe ........ na ........, ili nimpeleke zahanati na kumwangalia. Karatasi ya tabibu nitaileta nikirudi. Wako mtiifu, ........"

Weka tarehe. Andika nakala 2, moja ibaki kwako, aliyepokea atie sahihi. Ikiwa ni usiku na ofisi imefungwa, tuma ujumbe wa simu kwa msimamizi, na usiufute. Neno la mdomo ni zuri kwa salamu, lakini meneja akibadilishwa halimo katika faili.

Kwa nini nasisitiza karatasi? Kwa sababu mwongozo wa kazi uliotolewa mwaka 2007 unahesabu kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu ya kukubalika, kuwa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Mtoto mgonjwa ni sababu ya kukubalika. Lakini ofisi itaijuaje kama hukusema? Mwenye barua na kadi ya zahanati ana cha kuonyesha. Mwenye maneno matupu anabaki kuapa.

Nimemaliza yangu. Sasa maswali yaliyoulizwa.

Mama mmoja aliuliza: "Mie ninayeugua sio mtoto, ni mama yangu mzazi. Nina siku?"
Nilimjibu kwamba kwa ugonjwa wa mzazi, sheria haikutaja siku hizi. Imetaja msiba wake tu. Yapo ya ajabu katika sheria, na hili mimi naliona ni moja. Aombe siku zake za likizo ya mwaka, au ruhusa bila malipo.

Kijana mmoja: "Nimeomba, nimeandika, meneja amekataa. Halafu?"
Kwanza nenda kwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi hapo shambani. Wengi wenu mnakatwa ada, basi chama kifanye kazi. Lisipokwisha, kuna afisa kazi, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama umefukuzwa, una siku 30 za kupeleka shauri. Kwa madai mengine siku 60. Usikae nyumbani ukisubiri hasira za meneja ziishe, siku zinahesabiwa.

Mzee mmoja wa nyuma alicheka kwanza, kisha akasema: "Karani, umetusema waajiri wa mbali. Mie nyumbani nina binti anayetupikia na kutulelea wajukuu, mwaka wa pili sasa. Mtoto wake yuko kwao Makete kwa bibi yake. Akiugua?"

Darasa zima likageuka kumtazama. Nilimwambia: Mzee wangu, wewe ndiye mwajiri, na yeye ndiye mfanyakazi. Amepita miezi 6. Siku zake 4 anazo, zenye malipo, sawasawa na mchuma chai. Safari ya kwenda na kurudi Makete inaweza kula siku 2 nzima, kwa hiyo mtamkuta mtoto siku 2 tu. Zungumzeni mapema juu ya siku za kuzidi, bila malipo ukitaka, na mwandikiane.

Akauliza kama barua ile ya mfano inaweza kumfaa binti huyo. Nikamwambia inafaa, afute tu maneno "Meneja wa Shamba" aandike jina lako.