Robine gani kwa jiko lako?

Maneno ya mfanyakazi wa maji na usafi, mtoto wa chama, kwenye mkutano wa wanachama, Uvira

Wazee, wamama, ndugu zangu, na nyinyi wahisani wetu mtakaosoma haya kwenye gazeti la chama: nimekuja kusema juu ya robine. Nasikia huko nyuma wanacheka. Mtu amemaliza univasite, anakuja kutuambia habari ya robine! Chekeni, lakini mnisikilize. Mwaka huu mfuko wetu wa mikopo unaanza kusaidia wanachama kutengeneza jiko, na kwenye karatasi ya matumizi niliyoonyeshwa kuko robine ya bei kubwa, ya aina ileile niliyomnunulia mama yangu mimi mwenyewe. Niliomba kusema leo, kabla pesa haijatoka.

Mama wengi wenu mnamjua. Tulivuka ziwa mwaka 1996, mimi nikiwa na miaka 6, na maji ya Nyarugusu mnayakumbuka: madumu yamepangwa mstari tangu usiku, kila dumu na alama yake, hili kitambaa chekundu, lile kamba. Ukichelewa, unakuta lako limesukumwa nyuma. Mama alikuwa anasema, siku nikirudi kwetu nitakuwa na koki yangu peke yangu, ndani ya jiko, niifungue hata usiku wa manane bila sababu. Tukarudi. Nyumba ya Kasenga ikatengenezwa, mafuriko ya Aprili 2020 yakaingia, ikatengenezwa tena. Mara hii nikasema jiko lipate lavabo na robine. Nilikuwa na mshahara, na kazi yangu ni maji. Nani angenifundisha?

Nikaingia kenkayeri, nikasema nataka koki. Muuzaji akacheka: "Ah, nyinyi mumetoka Tanzania!" Kweli, sisi tuliokulia kule tunasema koki, waliobaki wanasema robine, na mpaka leo nikikasirika ulimi unarudia koki. Nadhani ni haya ya siku ile iliyonifanya nionyeshe kidole ile inayong'aa kuliko zote. Shingo ndefu, mkono mmoja juu, ukiupeleka kushoto maji ya moto, kulia maji ya baridi. Dola 35. Nyumba ya mama haina maji ya moto isipokuwa yale ya kwenye sufuria.

Sasa sikieni kilichotokea. Maji ya mama yanatoka kwenye tanki la lita 500, limewekwa juu ya matofali, kama mita 2 juu ya robine. Kila mita 1 ya kimo inakupa nguvu ya bar 0.1 tu. Mita 2 ni bar 0.2. Robine za namna ile zinatengenezwa kwa nyumba ambazo maji yanakuja na bar 1 na zaidi. Tulipofungua, maji yalitoka, wazee mnisamehe, kama mkojo wa mtoto. Mama alipiga vigelegele hata hivyo.

Halafu mchanga. Mvua ikinyesha kule milimani, mnajua rangi ya Mulongwe. Maji yanasafishwa, lakini tuyo inapasuka hapa, inafunguliwa pale, tanki nalo halioshwi, mchanga mdogo unaingia. Ndani ya robine ya mkono mmoja kuko kitu kinaitwa kartushi, chenye visahani 2 vya seramiki vinavyosuguana. Mchanga ukiingia katikati, unavikwaruza. Baada ya miezi 5 ikaanza kutona. Nilikuja siku moja nikaweka chupa ya lita 1 na nusu chini yake: ilijaa kwa saa 2. Fanyeni hesabu. Kwa siku ni lita 18, karibu bidoni nzima inaanguka bila mtu kuinawa. Kartushi ya kubadilisha nikatafuta Uvira, hakuna. Nikatuma mtu Bujumbura, akarudi na moja isiyoingia.

Nikaenda kazini Fizi kwa wiki 3. Nyuma yangu robine ikakwama kabisa, haifungi. Na mimi mwenye akili nilikuwa sikuweka robine ndogo ya kufungia chini ya lavabo, kwa hiyo mama akafunga tuyo yote kule juu kwenye tanki. Jiko likakauka. Akaanza kutuma watoto ziwani na bidoni. Wiki ya pili mtoto wa dada yangu akaanza kuhara na kutapika, akalala siku 2 na seromu mkononi. Alipona, Mungu asifiwe, leo yuko shuleni. Lakini mimi ndiye ninayezunguka vijiji na picha za kipindupindu nikifundisha watu wasinywe maji ya ziwa.

Nilimuuliza mama kwa nini hakunipigia simu. Akasema: "Baba, ningeanzia wapi kukuambia kitu ulichoninunulia kimekufa?"

Nawaomba mlisikie neno lile, wahisani wetu pia. Mtu aliyepewa kitu kizuri anaona haya kusema kimeharibika. Ananyamaza, anarudi ziwani. Mkija kupiga picha anakipangusa.

Basi nilibadilisha nini. Nilimnunulia robine ya kuzungusha, ile ya zamani, ya ukutani, kichwa kama msalaba. Dola 8. Ndani yake kuna raba moja ndogo chini ya skrubu. Ukizungusha, skrubu inashuka, raba inakalia tundu, maji yanasimama. Ikianza kutona, raba imechoka. Unafunga maji, unafungua kichwa kwa ufunguo, unatoa raba, unaweka nyingine. Faranga 500 sokoni, na siku ambayo haiko, fundi anaikata kwenye chambreri ya pikipiki. Siyo nzuri sana kwa ladha ya maji, lakini inakufikisha Jumatatu. Dada yangu sasa anaibadilisha mwenyewe, haniiti tena.

Kuko watu wanasema, si bora ile ya robo mzunguko, ya mkono mwekundu, ni rahisi kufunga? Kwa bidoni za nje ni rahisi, kweli. Lakini ndani kuna mpira wa chuma unaozunguka, mchanga ukiukwaruza unatupa robine yote. Kama maji yako ni masafi, chukua. Sikatai.

Ukifika kwenye duka, usiangalie kung'aa, juu zote zimepakwa rangi ileile. Shika mkononi. Nyepesi kama kijiko, rudisha. Kisha angalia ndani ya meno yake, pale inapoingia kwenye tuyo: ukiona manjano, ni shaba ya manjano, itakaa. Ukiona kijivu, ni mchanganyiko wa zinki, meno yake yanakatika fundi akikaza kidogo. Zungusha mara 10 palepale mbele ya muuzaji, hata akikasirika. Halafu muulize swali moja tu: raba yake iko? Nionyeshe. Kama hana raba, hana robine. Na wale wanaoletewa vitu kutoka Ulaya wasishtuke wakiona kwenye karatasi 15/21. Ni nusu inchi yetu ileile.

Kitu ambacho mafundi wanaume hawapimi ni kimo. Lavabo ya mama ya kwanza, sufuria kubwa ya sombe haikuingia chini ya robine, alikuwa anaishika imelala huku maji yanamwagika kwenye miguu. Pelekeni sufuria kwa fundi kabla hajatoboa ukuta. Kama unajaza bidoni ya lita 20 jikoni, pelekeni na bidoni. Na anayeosha ndagala, aoshee kwenye beseni, ule mchanga na vichwa visiingie kwenye tundu la lavabo, la sivyo mtaniita tena kwa habari nyingine.

Robine ya kufungia, chini ya lavabo, muiweke wote. Tuyo ya kutokea kwenye tanki isiwe chini kabisa, iwe kama sentimita 10 kutoka chini, mchanga ubaki pale hadi siku ya kuosha. Na maji yakikatika, funga robine yako kabla ya kulala. Hii ya kuzungusha nzuri yake nyingine ndiyo hiyo, mkono unajua imefungwa. Ile ya mkono mmoja, maji yakiwa hayapo ni rahisi kuiacha wazi bila kujua, unaamka saa 9 usiku magodoro yanaelea.

Nimeulizwa na kamati: je, wanachama hawatasema tunawapa vitu vya masikini? Mama alisema hivyo kwanza, siwafichi. Aliiangalia robine mpya, akaniuliza kama nimekosa pesa. Alikaa nayo mwezi mmoja bila kuisifu. Siku hizi anaifunika kitambaa usiku ili isipate vumbi, sijui kwa nini, sijamuuliza.

Ombi langu kwa mkutano ni dogo. Kwenye ile karatasi, tufute robine ya dola 35, tuandike ya kuzungusha ya shaba. Pesa inayobaki inunue boksi la raba na funguo 2, zikae kwa mama mtunza sanduku wa kila avenyi, siyo ofisini ambako kumefungwa Jumamosi. Na vijana 6 wafundishwe, wasichana 3 ndani yao. Wahisani wakitaka kuongeza kitu, waongeze raba.

Ile robine ya kwanza iko hapa mezani. Nimeleta na turnevisi. Mwenye kutaka kuona mchanga uliomo ndani, apite tukimaliza, tuifungue pamoja.