Sayansi Dar, au Ubaki Mwanza?

Msikilizaji wa Ilemela, Sengerema au Ukerewe, kama nyumbani kuna mhitimu wa kidato cha sita wa PCB, mwite asikilize.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachojitegemea tangu 1970, kinafundisha hata sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi. Ada haipandi kwa sababu umetoka Kanda ya Ziwa. Kinachouma ni nauli ya basi kutoka Nyegezi, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, pamoja na chakula na kodi ya chumba ukikosa hosteli. Mkopo wa HESLB hausubiriwi kama mshahara. Si kila mwombaji hupata.

Anayetaka udaktari, Bugando iko hapahapa, ila ni chuo cha Kanisa na ada yake ni kubwa zaidi.

Mimi ningeanza na maabara. Mpigie mwanafunzi wa mwaka wa pili, umuulize: kwa wiki mnashika vifaa mara ngapi, au mnatazama tu? Darasa likijaa mamia, mhadhiri anafikika? Halafu fungua mwongozo wa TCU, usome sifa za kozi yenyewe kabla hujatuma maombi.