Nani Ameotea? Kosa Moja Katika Michezo Mingi

Novemba 22, 2022, kwenye uwanja wa Lusail nchini Qatar, Argentina waliutia mpira wavuni mara nne katika kipindi cha kwanza dhidi ya Saudi Arabia. Lililohesabiwa ni moja tu, la penalti. Matatu yalifutwa kwa kuotea, na Saudi Arabia wakatoka na ushindi wa 2-1 uliotikisa Kombe la Dunia. Mabao hayo matatu yangekubaliwa bila ubishi katika mpira wa magongo, mchezo ulioifuta sheria ya kuotea mwaka 1998. Katika raga, hata kuyajadili kusingewezekana, kwa kuwa pasi ya mkono kwenda mbele ni kosa tangu mwanzo.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia hapo. Kuotea ni kosa linalotajwa katika michezo mingi, na kila mchezo unaulizia jambo lilelile: je, mchezaji ana haki ya kuwa pale alipo? Tofauti iko kwenye kipimo. Raga hupima kwa mpira, kandanda kwa watu, magongo ya barafu kwa mstari, mpira wa pete kwa nafasi ya mchezaji. Asiyejua kipimo hicho hawezi kumlaumu mwamuzi kwa haki.

Kandanda na raga zilizaliwa nyumba moja. Chama cha Soka cha Uingereza kilipoandika kanuni zake London mwaka 1863, mchezaji yeyote aliyekuwa mbele ya mpira uliopigwa na mwenzake alihesabiwa ameotea. Huo ndio moyo wa raga hadi leo. Mpira ukipigwa teke, walio mbele ya mpigaji wako nje ya mchezo, lakini kosa lao linafutika: mpigaji akiwakimbia na kuwapita, wanarudi mchezoni kihalali. Kandanda haina msamaha wa namna hiyo. Uamuzi hutazama nukta ileile mwenzake anapougusa mpira, na kurudi nyuma baada ya hapo hakumwokoi mshambuliaji.

Kandanda iliachana na ndugu yake mapema. Mwaka 1866 ilimruhusu mchezaji kukaa mbele ya mpira, mradi wapinzani watatu wawe kati yake na mstari wa goli. Kwa miaka karibu sitini sheria hiyo ilisimama, mpaka mabeki wakaigeuza silaha. Bill McCracken wa Newcastle United ndiye aliyesifika zaidi kwa ufundi huo. Beki mmoja alipiga hatua mbele, mwenzake akabaki nyuma na kipa, na washambuliaji wote wakajikuta wameotea. Mechi zikajaa filimbi. Mwaka 1925 idadi ikashushwa kutoka watatu hadi wawili, na Ligi Daraja la Kwanza ya Uingereza ikapanda kutoka mabao 1,192 hadi 1,703 katika msimu mmoja. Dixie Dean wa Everton akafunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927–28. Herbert Chapman wa Arsenal naye akamrudisha kiungo wa kati akawe beki wa tatu, na sura ya timu nzima ikabadilika. Ni vigumu kutaja sheria nyingine ya michezo ambayo kupunguzwa kwa mtu mmoja kulileta mageuzi makubwa kiasi hicho.

Magongo ya barafu ya Amerika Kaskazini yalipitia msukosuko kama huo. Msimu wa 1929–30 ligi kuu iliruhusu pasi za mbele katika maeneo yote, na washambuliaji wakaenda kupiga kambi mbele ya kipa. Mabao yalimwagika hata wenye ligi wakashtuka. Desemba 1929 ikaamuliwa kwamba hakuna mshambuliaji atakayeingia eneo la wapinzani kabla ya kile kisahani kinachochezewa. Kipimo hicho hakijali mabeki wako wangapi wala wamesimama wapi.

Magongo ya uwanjani yana uzito wa pekee Afrika Mashariki, kwa sababu Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971. Kikosi kile kilicheza kuotea kukiwa bado kosa. Leo mshambuliaji wa magongo anaweza kuusubiri mpira mlangoni kwa kipa bila kuadhibiwa, na beki hana budi kumfuata.

Somo kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwenye mpira wa pete, mchezo wa maelfu ya shule zetu na wa Uganda iliyoshika nafasi ya tano duniani mwaka 2023 huko Cape Town. Uwanja umegawanywa sehemu tatu, wachezaji ni saba, na herufi zilizo kifuani humwambia kila mmoja aingie wapi. Mchezaji wa kati huzunguka sehemu zote tatu, lakini duara za magoli ni marufuku kwake. Akikanyaga humo ameotea, awe na mpira au hana. Wala kosa hili si la washambuliaji peke yao. Mlinda goli akivuka theluthi yake naye ameotea. Tena kinachohukumiwa ni ardhi: mchezaji anaweza kunyoosha mkono juu ya mstari akaudaka mpira, mradi asiguse chini upande wa pili. Katika kandanda kidole cha mguu kilichoko hewani kinatosha kufuta bao.

Kwa kuwa kandanda imetawala redio na vijiwe, kipimo chake kimefanywa kipimo cha michezo yote, na wanaoumia ni wachezaji wa kike wa mpira wa pete wanaohukumiwa na mashabiki wasiojua kanuni zao. Walimu wa michezo wanaombwa waifundishe sheria ya kuotea uwanjani kwa kuonyesha kipimo cha kila mchezo. Watangazaji nao, wanaposema mchezaji wa pete ameotea, waongeze sentensi moja: ameingia eneo gani lisilo lake.