TAARIFA YA TAWI: MPAKA UMALIZWE SHAMBANI KABLA YA KUINGIA KWENYE RAMANI



Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi. Tunayatuma hapa ili na wasiofika wayapate.

Hati za hakimiliki ya kimila hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Majirani zetu wa Wilaya ya Iringa walianza kupimiwa mashamba kwa simu mwaka 2014, Ilalasimba ikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Mwenye shamba na majirani zake walitembea pamoja mpakani, wakakubaliana, ndipo vijana wa kijiji wakapima. Makubaliano yale ndiyo yanayoipa hati nguvu. Simu huandika pale iliposimamishwa tu. Haijui nani alisogeza tuta.

Huku Kilolo tuna miti. Mtu akipanda paina hatua tatu ndani ya shamba la mwenzake, ugomvi unalala miaka mingi na kuamka siku ya kuvuna. Wakati huo wazee walioujua mpaka wameshafariki, na mrithi yuko Dar es Salaam. Kosa hilo likishaingia kwenye hati, linakuwa na mhuri.

Kwa hiyo tunawaomba:

1. Kabla ya kupimwa, tembeeni mpaka na majirani wote, wazee wakiwepo. Aliye mbali atume mtu anayeujua mpaka.

2. Ramani ikibandikwa kijijini, nenda ukaikague: majina, majirani, ukubwa. Mke na mume wanaomiliki pamoja, majina yote mawili yaonekane. Wajane na yatima wasaidiwe kusoma.

3. Kama hati imeshatoka na haifanani na shamba, using'oe alama wala usikate mti. Andika barua kwa Halmashauri ya Kijiji, nakala kwa Afisa Ardhi wa Wilaya, na ubaki na nakala yako.

4. Mkishindwana, anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, 3 wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu, haliamui tena. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

La mwisho. Tawi si baraza. Hakuna kiongozi wetu mwenye mamlaka ya kuamua mpaka wa mtu, wala kupokea chochote ili aseme neno. Anayefanya hivyo aletwe kwenye kikao. Na asiye mwanachama ana haki ileile. Shamba halina kadi ya chama.

Mfikishieni na asiye na simu.

Ofisi ya Tawi,
Kilolo