Andika Tarehe Kwenye Pakiti ya Chumvi

(Hotuba ya mhudumu wa afya wa parokia katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tunaichapisha kwa manufaa ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Nimeombwa niongee juu ya chakula na moyo. Sitaongea juu ya vyakula vya dukani vya bei ghali. Nitaongea juu ya vile viko shambani na jikoni kwako leo.

Lakini kwanza, wengi wenu mnamkumbuka mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama hapa kwetu. Sitamtaja jina. Asubuhi moja aliinuka kuwasha moto, mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukakataa kushika kiberiti. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema ni malaria imepanda kichwani. Alipofikishwa hospitali, daktari alisema presha imepasua mshipa kichwani. Siku ya tatu tulimpoteza.

Tulichanga pesa za jeneza, za gari na za ng'ombe wa kupikia watu. Kila mtu alitoa bila kusukumwa. Lakini nilipouliza ni nani aliyewahi kumpima presha huyo mama, watu wote waliangalia chini. Hata mimi niliangalia chini, kwa sababu mashine ya kupima ilikuwa kwangu.

Ndiyo maana niko hapa leo.

MOYO NI PAMPU, MISHIPA NI PAIPU

Wale wa kamati ya maji wataelewa haraka. Moyo ni pampu, na mishipa ya damu ni paipu. Paipu ikiwa safi na laini, maji yanapita bila shida. Paipu ikishika uchafu ndani, pampu inafanya kazi kwa nguvu zaidi. Nguvu ikizidi, paipu inapasuka pahali ilipo dhaifu, ama pampu yenyewe inachoka. Ikipasuka au kuziba kichwani, mtu anapooza. Ikizibia kwenye moyo, moyo unashtuka na unaweza kusimama.

Presha haibishi hodi. Unaweza kuwa nayo miaka mingi, unalima, unaimba kwaya, na husikii chochote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hesabuni hapa ndani. Mtu wa nne kutoka kwako anaweza kuwa wewe mwenyewe.

HAUKUWA UGONJWA WETU

Wazee husema, "Zamani hatukujua mambo ya presha." Hawadanganyi. Mwaka 1929 daktari mmoja aliyefanya kazi karibu na Ziwa Victoria aliandika kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake kwa muda wa miaka 2 hivi, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Halafu katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Nyanza kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Katika miezi ya kwanza tu, presha ya wale waliohama ilikuwa imepanda kuliko ya wenzao wa kijijini. Mkojo wao ulipopimwa, ulikuwa na chumvi nyingi zaidi, na madini ya potasiamu yalikuwa yamepungua.

Potasiamu ni nini? Ni madini yanayosaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi na kulegeza mishipa. Inapatikana kwa wingi katika mboga za majani, maharagwe, viazi na matunda. Yaani watu walewale, damu ileile, walibadilisha maisha na sahani, na presha ikapanda.

Sasa siku hizi huna haja ya kwenda Nairobi. Nairobi imekuja hapa kijijini ndani ya pakiti.

CHUMVI: TUFANYE HESABU

Shirika la Afya Ulimwenguni linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai kilichosawazishwa, kwa siku nzima, na chumvi ya mkate na ya vile viungo vya mchuzi vya pakiti ikiwa ndani yake. Mtoto anahitaji chini ya hapo.

Ukiwa na watu wazima 6 nyumbani, ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo basi isiishe kabla ya siku 16. Mkiwa na watoto, ikae zaidi. Mama fulani aliniambia yake humaliza wiki moja tu. Mnacheka, lakini wangapi wanajua yao hukaa siku ngapi?

Kwa hivyo fanya hivi. Siku unapofungua pakiti, andika tarehe juu yake kwa kalamu au kipande cha kaa. Ikiisha, hesabu siku. Usipunguze kwa ghafla watu wakakataa kula. Punguza kidogo kila wiki, na ulimi utazoea. Weka vitunguu, dhania, tangawizi au ndimu. Na chumvi isiwekwe mezani, maana mzee akikaa tu anaimwaga kabla ya kuonja.

Kuna mambo mawili hapa. La kwanza, usiache chumvi kabisa, na usinunue ile isiyotiwa madini ya aidini, kwa sababu tunaihitaji kuzuia uvimbe wa shingo. La pili ni magadi. Tunaitia kwenye githeri na mboga ili ziive haraka, lakini hiyo nayo ina sodiamu, madini yaleyale ya chumvi yanayopandisha presha. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, na hutahitaji magadi. Hata kuni zitabaki.

SHAMBA LINA DAWA YA KUZUIA

Mboga za kienyeji. Managu, terere, saga, kunde na mrenda zina potasiamu kuliko kabichi tunayokimbilia. Osha kwanza, kisha ukate. Usichemshe ukamwaga maji yote, maana madini yanaenda na maji. Kama managu ni machungu, tia maziwa kidogo.

Maharagwe, ndengu, mbaazi na njahi. Hizi zina nyuzinyuzi zinazosaidia kupunguza lehemu, yale mafuta yanayoshika ndani ya mishipa. Sahani ya maharagwe mara kadhaa kwa wiki badala ya nyama ya mafuta ni faida kwa moyo na kwa mfuko.

Unga wa kisiagi. Unga mweupe wa pakiti umetolewa maganda yake. Saga mahindi mazima, na uchanganye na mtama au wimbi. Asubuhi, nduma au kiazi kitamu kinashinda mandazi na mkate.

Omena na samaki. Mafuta yao ni mazuri kwa moyo. Lakini samaki wa chumvi alowekwe na maji yamwagwe, ama umwache.

Maparachichi na njugu karanga. Hapa nitasema ukweli hata kama unauma. Tunamuuzia dalali maparachichi yote, halafu kwa pesa hiyohiyo tunanunua mkebe wa mafuta meupe ya kuganda. Tumeuza mafuta mazuri tukanunua mabaya! Uza, sikatai, karo lazima ilipwe. Lakini acha ya watoto wako na yako. Tunda moja linatosha watu wawili au watatu.

Mafuta ya kupikia. Mafuta yanayoganda yenyewe yanaongeza lehemu mbaya kwenye damu. Ukiweza, tumia ya maji kama ya alizeti, na uyapime kwa kijiko badala ya kumimina. Mafuta yaliyokaanga mandazi mara nyingi mpaka yakawa meusi, usiyarudishe motoni.

Na tusidanganyane: hata ukila managu kila siku, sigara na pombe zitabomoa kile chakula kinajenga.

USITUPE DAWA

Kuna watu wanasema, "Nakula kitunguu saumu, kwa hivyo nimeacha tembe." Ndugu yangu, usifanye hivyo. Chakula kinasaidia, lakini aliyepewa dawa za presha aendelee nazo, hata akijisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza, kwa sababu potasiamu nyingi inaweza kumdhuru.

Mkiona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yamekwama, msingoje maombi yaishe. Ombeni mkiwa kwenye gari la kwenda hospitali.

KAZI YA KIKUNDI

Kila kikundi kifanye haya kabla ya mkutano ujao:

1. Kila nyumba iandike tarehe kwenye pakiti ya chumvi, na kila mwanachama alete hesabu yake ya siku.

2. Siku ya mzunguko wa pesa, kabla ya pesa kutolewa, kila mtu apimwe presha. Mkiniita nitakuja na mashine. Atakayepata 140 kwa 90 au zaidi atapimwa tena siku nyingine, na ikibaki juu aende kliniki.

3. Kikundi kianze kitalu kimoja cha mboga za kienyeji, na mbegu zigawanywe.

4. Jadilianeni: Katika matanga na harusi zetu, ni nani anayetia chumvi kwenye sufuria kubwa, na anapima kwa nini?

Tulipomzika yule mama tulionyesha kwamba tunajua kuchanga. Sasa tuchange mapema. Dakika 5 za kupimwa, kijiko kimoja cha chumvi kilichopungua, na kiganja cha mbegu za terere si mzigo kwa mtu yeyote hapa.

Mimi mashine yangu haitalala tena kabatini. Nawangoja mniite.